Nyaya Mbili Nyeusi

Ignace Zagabe ametengeneza redio kule Kadutu kwa miaka thelathini na moja, na ukimuuliza atakuambia mwenyewe kwamba hajawahi kusoma karatasi ya maelekezo. Akitaka kujua kama betri ina moto, huchukua nyaya zake mbili na kuzigusisha mara moja tu, chap, akiona cheche anaridhika na kazi inaendelea. Mafundi wote wa barabara ile hufanya hivyo. Na waya kwake ni waya: akipata mweusi anafunga mweusi, akipata wa kijani anafunga wa kijani. Redio hazijawahi kumlalamikia.

Mkewe Adolphine alikuwa mbebaji. Kwa miaka zaidi ya ishirini alibeba magunia ya unga na mihogo kutoka bandarini hadi sokoni, mgongoni, kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, mpaka mkanda ule ukamwachia alama isiyofutika. Kisha mgongo ukachoka na miguu ikafa ganzi. Nyumba yao iko chini, barabara iko juu, na katikati kuna kichochoro cha udongo kinachopanda. Ili afike misani ilibidi abebwe mgongoni na dada yake Euphrasie, mbebaji mwenzake. Alikubali mara mbili. Mara ya tatu akakataa katakata.

"Miye nilibeba bintu ya batu maisha yangu yote," alimwambia mumewe. "Sitaki kubebwa sawa gunia. Nitatoka siku nitatoka mwenyewe."

Akakaa ndani mwaka na nusu.

Hapo Ignace akaazimia kumtengenezea kiti kinachojiendesha. Alipata kiti cha magurudumu kilichotupwa, akakifunga mota mbili na betri mbili. Kilichokosekana ni kitu cha kuzipa mota mwendo, pole au haraka, mbele au nyuma. Hicho alikileta David, mwalimu wa umeme, ambaye wanafunzi wake walikuwa wamekitumia kwenye roboti yao ya mashindano. Alikiita contrôleur: kisanduku kama kipande cha sabuni, kimejaa matundu ya nyaya.

David alieleza taratibu, na Adolphine alisikiliza akiwa mkekani.

"Papa Ignace, hii matundu ine ni ya moteur. Ukigeuza nyuzi, roue ya kiti itazunguka tu nyuma, haina shida. Lakini hii mbili ni ya batterie. Hii usiigeuze hata kidogo. Plus kwa plus. Unakaza vis zote na bisbisi kwanza, unatia fusible, unaacha manette ya kuendeshea katikati, njo unawasha. Na usigusishe kuona cheche. Hii haiko redio."

"Nimesikia," alisema Ignace.

"Mungojee samedi, nitakuja tufunge pamoja."

Ignace hakungoja. Ukweli ni kwamba ilimuuma kufundishwa kazi na mtu aliyemjua akiwa bado na kaptula. Ijumaa asubuhi aliinua kiti juu ya matofali ili magurudumu yazunguke hewani, akafunga mota vizuri, akatafuta waya mnene wa betri. Alipata mweusi, akaukata vipande viwili. Adolphine alikuwa ameshavaa kitenge chake cha Pasaka, anatazama. Zile nyaya mbili nyeusi zilipotoka kwenye betri chini ya kiti, Ignace alizitazama na hakujua ipi ni ipi. Mkono wake ulijua la kufanya: ukazigusisha kwenye matundu ya kisanduku, kumbe plus kwa minus. Chap.

Cheche ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuona. Kisha moshi mwembamba ukatoka, na harufu. Kisanduku kilikufa kabla mtu hajavuta pumzi.

Jumamosi David alifika na kuwakuta wateja wawili wa Ignace uani, wamekuja kuchukua redio zao. Akanusa kisanduku, akauliza nani amefanya hivi. Ignace alifungua kinywa.

"Njo miye, mwalimu," alisema Adolphine kutoka mkekani. "Nilitaka kuona kama inafanya namna gani. Nikagusisha nyuzi."

David akashusha pumzi. "Maman, nilisema isiguswe."

"Unisamehe."

Ignace alifunga kinywa chake. Wateja walichukua redio zao wakaenda. Baadaye Ignace alipojaribu kumwambia mkewe neno, Adolphine alimkatiza.

"Weye uko na clients. Miye niko na nini ya kupoteza?"

Contrôleur ya pili iliagizwa mbali. Wiki ya sita homa ilimwangusha Adolphine, na Euphrasie akampandisha kichochoro mgongoni mpaka barabarani, kwenda hospitali. Safari hii hakuwa na nguvu ya kukataa. Alifariki siku ya pili. Ignace alilia mpaka sauti ikakauka.

Siku ya tatu ya matanga David alikuja na kisanduku kipya ndani ya mfuko wa koti. Watu walipoanza kutoa maneno juu ya marehemu, naye alisimama chini ya turubai.

"Maman Adolphine alikuwa na haraka ya kutoka," alisema. "Mpaka aliniunguzia contrôleur."

Watu wakacheka kidogo, kwa upendo. Ignace alisikia kicheko hicho kikimchoma kifuani. Akasimama. Wateja wake walikuwepo, na mafundi wa barabara nzima.

"Haiko yeye," alisema. "Njo miye niligusisha. Alinifichia, na miye nilinyamaza. Ningengojea samedi, angetoka na kiti."

David akakitoa kile kisanduku mfukoni, akakitazama. Aliyejibu ni Euphrasie, bila kuinua sauti.

"Tulijua, Papa Ignace. Adolphine alikuwa anaogopa courant. Hata ampoule alikuwa anaita mutu aje kumuwashia."

Ignace alingoja angalau mtu mmoja amkasirikie. Hakuna aliyemkasirikia. Aligeuka akae, kumbe mzee mmoja aliyechelewa ameshachukua nafasi yake. Kilichobaki kitupu kilikuwa kile kiti cha magurudumu, pale ukutani, bado juu ya matofali. Ignace alibaki amesimama mpaka sala ikaisha.