Usimwambie Mpimaji

Nje ya chumba cha mazoezi ya viungo kuna kiti cha plastiki, na kando yake kikapu cha soksi nyeupe ndefu. Hakuna anayeingia bila kuvaa soksi mpaka magotini. Mlangoni pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene na mtu ambaye, ukiiangalia tu, unajua alikuwa amekasirika: USIMWAMBIE MPIMAJI ULITIBIWA VIPI.

Mpimaji ndiye Mama Soksi. Jina hilo alibandikwa na wagonjwa, naye akaacha kulipinga siku aliposikia mlinzi wa getini akilitumia. Ni mama wa makamo, mfupi, mwenye mikono ya nguvu na hasira za karibu. Kazi yake ni kukunja kifundo cha mguu kilichowahi kuvunjika, kupima kinakunjika kiasi gani, na kuandika. Ugumu ni kwamba haruhusiwi kujua kifundo hicho kilitibiwaje. Baadhi ya wagonjwa wamefungwa plasta, wengine wamepasuliwa na kutiwa chuma na skrubu, na aliyeamua nani apate kipi ni kura ya bahasha iliyofungwa, si daktari. Soksi inaficha kovu. Mpimaji akijua, mkono wake unaweza kupendelea upande mmoja hata kama moyo wake hautaki.

Utafiti wenyewe ulizaliwa na ubishi. Daktari bingwa wa mifupa, ambaye wauguzi humwita Nyundo, alikuwa akiapa kwamba mzee akivunjika kifundo asipotiwa chuma, atachechemea mpaka anaingia kaburini. Mwenzake wa chumba cha plasta naye aliapa kwamba kumpasua mzee ni kumtafutia kidonda bure. Walibishana miaka nenda miaka rudi, kila mmoja akivutia kwake, na wagonjwa wao wote wakaishia mikononi mwa Mama Soksi. Wa chuma walikuwepo waliochechemea, na wa plasta vilevile. Walipomwuliza, "Sasa mama, mimi ningefanyiwa lipi?" hakuwa na la kuwajibu, na hilo lilimkera kuliko miguu yenyewe. Utafiti ulipoanza aliupokea kwa mikono miwili.

Lakini watu, jamani! Watu hawawezi kunyamaza.

Aliingia seremala, akakaa kitandani, akapandisha mguu wenye soksi na kushusha pumzi. "Chuma changu kinavuta leo. Mvua hiyo inakuja."

"Baba, karatasi mlangoni hukuisoma?"

"Nimeisoma. Sijakwambia nilitibiwa vipi. Nimekwambia kinavuta."

Akaja mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, aliyeahidi kwamba yeye hasemi neno. Hakusema. Alikaa akitabasamu, kisha akaeleza kwamba siku hizi akipita kwenye mlango wa ukaguzi pale benki, mlango unalia. Bibi mmoja yeye hakujisumbua na mafumbo. Alivua soksi kabisa, akaikunja vizuri, akasema inambana, na kovu lake akalilaza mbele ya mpimaji kana kwamba analiuza.

Kila mara hali ilikuwa hiyo hiyo. Mama Soksi alifunga macho, akahesabu moyoni, kisha akaandika kwamba kipimo hicho kimeharibika. Jioni alirudi nyumbani na hasira zake zote, akazimwaga mezani mbele ya mama yake, aliyekuwa akiishi naye.

"Yaani mtu mzima na meno yake anashindwa kufunga mdomo! Ipo siku nitamfunga mtu mdomo kwa hiyo plasta, wallahi."

"Utapata presha, mwanangu," mama alisema.

"Wacha niipate! Kazi ya miaka inaharibiwa na watu wasiojua kunyamaza."

Mama alikuwa mtu wa kuambiwa hayo? Majirani walimwita Redio. Aliamka na habari, akalala na habari, na katikati akatia chumvi. Hata hivyo aliyasikiliza ya bintiye jioni baada ya jioni, akitikisa kichwa.

Kisha mama akateleza bafuni, kifundo kikavunjika.

Nyundo alimweleza habari ya bahasha, naye akakubali kabla daktari hajamaliza sentensi. "Mwanangu anahangaika na jambo hili kila siku. Niwekeni." Nyundo alisita, maana mpimaji ni binti wa mgonjwa, lakini mpimaji mwingine angemtoa wapi? Wakakubaliana kwamba mama ahamie kwa binti mkubwa, na Mama Soksi asiuone mguu huo mpaka siku ya kuupima. Mama aliambiwa pia kwamba akipata maumivu au homa arudi upesi kwa Nyundo. Alikubali na hilo. Tatizo ni kwamba chumba cha Nyundo kinatazamana na cha mazoezi, mlango kwa mlango.

Kila Jumapili Mama Soksi alikwenda kwa dada yake. Alimkuta mama kitandani, mguu umefunikwa shuka nzito.

"Mguu vipi, mama?"

"Upo."

"Unaendeleaje?"

"Naendelea."

Basi. Redio ilikuwa imezimwa. Alimgeukia dada yake, naye akainua mikono juu. "Mimi usiniulize. Mama kanikataza, anasema nitakuharibia kazi."

Mama Soksi alirudi nyumbani na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu utafiti uanze. Kumbe inawezekana! Aliona kweli kwamba mama amepungua na chakula anakigusagusa tu, akajiambia ni uzee na kuchoka kulala. Huko kazini mama akawa fimbo ya kuwachapia wengine. "Mama yangu mimi, na mdomo wote ule, ameweza," aliwaambia wagonjwa waliojipanga nje. "Nyie mnashindwa nini?"

Siku ya kipimo ilifika. Dada alimsukuma mama kwa kiti cha magurudumu, soksi ameshavaa tangu nyumbani, nyeupe, mpaka gotini. Mama aliinua kidole, akakionyesha kwenye karatasi ya mlangoni, kisha akakiweka midomoni. Mama Soksi akacheka kwa sauti. Dada alibaki nje kama utaratibu unavyotaka.

"Nitaukunja taratibu. Ikiuma nitaacha."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Mama Soksi alishika kisigino kwa mkono mmoja na vidole kwa mwingine, akaanza kukunja. Mama hakutoa sauti. Alishika ukingo wa kitanda, na jasho likamtoka usoni, na chumba kile kina feni.

"Mama, inauma?"

Kimya.

"Nakuuliza inauma?"

"Sisemi."

Hapo ndipo mikono yake ilipoanza kumwambia mambo ambayo mdomo wa mama haukuyasema. Mguu ulikuwa wa moto. Haukuwa na joto la mtu aliyekaa juani, ulikuwa moto kabisa, na soksi ilikuwa imebana kwa uvimbe. Aliinama, akapata harufu. Amefanya kazi hospitalini muda wa kutosha kuijua harufu ile.

Alisimama na rula yake ya kupimia mkononi. Akiuliza, kipimo kimeharibika. Akivua soksi, kimekwisha kabisa, na cha mama ndicho pekee alichokuwa na uhakika kwamba ni safi. Aibu kuisema, lakini aliliwaza hilo, kwa muda wa kumeza mate. Kisha akatupa rula, akachukua mkasi na kuipasua soksi kuanzia juu mpaka chini.

Kovu refu lilikuwa limefumuka upande wa nje. Ngozi ilikuwa nyekundu inayong'aa, usaha umelowanisha kitambaa ambacho mama alikuwa akijifungia mwenyewe, na pale chini kabisa kitu kilimetameta. Kilikuwa chuma.

"Tangu lini?" alipiga kelele. "Mama, tangu lini?"

Mama alimtazama kwa huruma. "Umeshaona sasa. Umejiharibia."

Mama Soksi alifungua mlango kwa teke na kumwita Nyundo kwa jina ambalo wauguzi hulisema akiwa hayupo tu.

Walimpeleka chumba cha upasuaji siku ileile. Mama Soksi alikaa nje na dada yake, akamfokea dada, akajifokea mwenyewe, akamfokea na muuguzi aliyewaletea maji. Nyundo alipotoka alisema mguu umeokoka, ila wangechelewa kidogo tu angekuwa anazungumza habari nyingine. Wameusafisha, chuma watakitoa mfupa ukishaunga. Kisha akaongeza, kwa nia njema, kwamba kwa utafiti hakuna kilichopotea. Kidonda cha namna hii ni mojawapo ya majibu waliyokuwa wakiyatafuta, kitaandikwa upande wa chuma.

"Utafiti!" alisema Mama Soksi, na Nyundo, ambaye hajawahi kumwogopa mtu hospitalini mle, akarudi nyuma hatua moja.

Alimkuta mama wodini, macho wazi, mguu umefungwa na kuinuliwa juu ya mto. Alivuta kiti. Hasira zilikuwa zimemjaa na hakujua amwelekezee nani.

"Karatasi ile inasema usitaje matibabu. Haisemi ufe na maumivu. Daktari alikwambia uende kwake. Kwa nini hukwenda?"

"Ungeniona napita."

"Na ningekuona ingekuwaje? Kipimo kimoja, mama! Nimeharibiwa vingapi na akina seremala, nikafa?"

Mama alichezea ncha ya shuka.

"Sasa naruhusiwa kusema?"

"Sema."

"Sikuwa naogopa kipimo," mama akasema. "Nilikuwa naogopa utanifokea."