Mwalimu Kasyoka na Sauti Waliyotaka Ikatwe

Mwalimu Kasyoka alifika kwangu mwezi wa tano na begi moja, ndoo ya plastiki na hasira. Hasira ndiyo iliyokuwa nzito. Alikuwa ametoka shule moja upande wa Liboi alikofundisha hesabu miaka sita. Barabara ya huko ilikuwa imechafuka tena kwa mashambulizi, na asubuhi moja walimu wote wa kutoka bara walibebwa kwa gari moja wakaambiwa waende makwao wangoje barua. Wenzake hawakusimama Garissa hata kunywa maji. Yeye aliteremka.

"Nikivuka daraja la Tana sirudi," aliniambia, amekaa kwenye benchi la hoteli yangu, vumbi hadi kwenye kope. "Najijua. Nikifika Mwingi mama atanipikia muthokoi, nitashiba, nitalala, basi. Nipe chumba, Mama Mwenda."

Nilihamisha magunia ya maharagwe nikampa stoo ya nyuma. Msidhani ni wema. Niliona mtu mkaidi kama mimi nikataka kujua ataishia wapi.

Hoteli yangu ni mabati, meza nne na jiko, karibu na soko la mifugo. Nina miaka kumi na tisa hapa. Wenyeji hutuita sisi wa kutoka bara "watu wa Kenya", kana kwamba hapa ni nchi nyingine, na wengi wetu tunaishi hivyo hivyo, begi limefungwa tayari chini ya kitanda. Kasyoka hakuwa hivyo. Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, anayewasalimu wazee kwa Kisomali chao, na akizungumza nawe anakutazama kama mtu anayengoja jibu ulilokosa.

Huko alikotoka aliacha watoto arobaini na mmoja wa gredi ya tisa. Mtihani wa taifa ulikuwa mwisho wa Oktoba, na shuleni wamebaki mwalimu mkuu na ustadhi wa dini. Wote wawili watu wazuri, lakini wao na hesabu ni kama mimi na kuendesha ndege.

"Wakifeli," alisema, "hakuna atakayesema hawakuwa na mwalimu. Watasema watoto wa huku hawapendi shule. Hilo sitalisikia nikiwa hai."

Basi akaamua kuwafundisha kwa simu. Atarekodi somo hapa, alitume kwa Deeqa, msichana mmoja wa darasa lile ambaye baba yake, Abdinur, ana duka penye mtandao. Wenzake watakuja dukani waangalie.

Somo la kwanza nililishuhudia. Alitundika ubao ndani ya stoo, akaegemeza simu kwenye kreti za soda, akasimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, akaanza. Kipindi kizima, dakika arobaini. Joto la Garissa mnalijua. Dakika ya ishirini na tano simu ilichemka ikajizima. Tukaangalia kile kilichopatikana.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Mgongo wako nimeuona vizuri sana. Hesabu sijaiona."

Alinitukana kwa Kikamba, nikaendelea kumenya vitunguu. Lakini kesho yake ubao ulikuwa nje unakaliwa na kuku. Alichukua mti wa ufagio akaulaza juu ya kreti mbili, akaifunga simu katikati kwa mpira wa baiskeli ikitazama chini, na chini yake akaweka daftari. Sasa aliyeangalia aliona mkono, kalamu na ukurasa, kama anavyoona daftari lake mwenyewe. Na akapunguza maneno. Somo moja, jambo moja, dakika sita. "Mtoto aliyesimama juani na wenzake kumi juu ya simu moja," alisema, "hana subira ya arobaini."

Hata hivyo aliporudia kuyasikiliza masomo hayo aliyachukia.

"Naongea na ukuta, Mama Mwenda. Darasani naangalia watu. Kuna mvulana mmoja, Dagane, akipotea anakuna sikio. Nikiona mkono umeenda kwenye sikio narudi nyuma. Hapa sikio liko wapi?" Kisha akanigeukia mimi, na ule mtazamo sikuupenda. "Wewe ulifika darasa la ngapi?"

"La nane. Na hesabu nilipata D, kama unataka kunicheka."

"D! Vizuri sana. Kaa hapa."

"Nina chapati kwenye moto."

"Zitoe. Sharti ni moja tu: usijifanye umeelewa."

Siku hiyo alikuwa anafundisha kugawa kwa sehemu. Akaandika tatu, gawanya kwa robo. Akasema jibu ni kumi na mbili.

"Ngoja hapo," nikasema. "Mwalimu, umelala vizuri? Mimi nikigawa kitu kinapungua. Wewe unagawa kinaongezeka. Hiyo ni hesabu au ni uganga?"

Kalamu ikasimama. Nilidhani atazima simu. Hakuzima.

"Thamosi yako ya chai inabeba lita ngapi?"

"Tatu."

"Na kikombe chako?"

"Robo lita. Isipokuwa cha Issack yule wa lori, yeye anataka kifurike."

"Mwache Issack. Thamosi ikijaa, unatoa vikombe vingapi?"

"Kumi na viwili."

"Basi?"

Nilivihesabu tena kwa vidole. "Kwa hivyo kugawa si kukata tu," nikasema. "Ni kuuliza hiki kinaingia mara ngapi ndani ya kile?"

"Rudia hilo. Sogea karibu na simu."

Nimemimina chai maisha yangu yote na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba ninagawa kwa robo.

Somo lilitumwa. Siku ya pili picha za madaftari zilianza kuingia kwenye simu ya Kasyoka, moja baada ya nyingine, na hesabu zilikuwa sawa. Kuanzia hapo kila siku baada ya adhuhuri, wateja wakienda kupumzika, mimi nilikaa kwenye ndoo stoo nikawa sielewi. Kazi hiyo niliifanya kwa uaminifu.

Mwezi wa saba akaja Silas. Silas ni afisa wa shirika moja linalosaidia shule. Jina la shirika nitalihifadhi. Shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa na tableti kumi na sita za kupeleka kwa wale watoto, zinazochajiwa kwa jua. Akakaa kwenye meza yangu, akasikiliza masomo matatu, akavua miwani.

"Mwalimu, kazi nzuri. Lakini huyu mama atolewe."

Nami nimesimama hapo nimeshika chai yake.

"Anashusha hadhi ya somo," akaendelea. "Anakatiza. Anacheka. Tunataka utangulizi, malengo ya somo, lugha safi. Tableti zetu haziwezi kubeba mambo ya hotelini."

Asubuhi yake Kasyoka alinifuata jikoni, na kwa mara ya kwanza hakunitazama usoni.

"Tableti kumi na sita, Mama Mwenda. Watoto wawili, watatu, kila moja. Siwezi kukataa kwa ajili yako."

"Nimekuomba ukatae?"

"Hapana."

"Basi toka kwa njia, maji yanachemka."

Walionunua maharagwe siku hiyo wanisamehe, chumvi ilizidi.

Akarekodi masomo tisa peke yake, na utangulizi, na malengo. Niliyasikia kupitia mabati. Yalikuwa laini kama tangazo la mazishi redioni. Kila baada ya dakika mbili, "Tuko pamoja?" kisha anaendelea. Silas aliyapenda. Yakaenda na zile tableti.

Halafu madaftari yakaja. Tano, toa hasi tatu: watoto thelathini na wanane waliandika mbili. Jibu ni nane. Hata mimi nilikuwa nimeshajua ni nane. Kasyoka alipitia zile picha zote amesimama, kisha akafungua ujumbe wa sauti wa Deeqa. Nauandika kama alivyousema.

"Salaam aleikum, mwalimu. Sisi hatujaelewa. Wewe nauliza tuko bamoja, halafu naenda. Tableti haiwezi kusema hapana. Ile mama ya chai ilikuwa nasema hapana kwa sisi wote. Mumefukuza yeye kwa nini? Dagane nauliza kama amekufa."

Aliusikiliza mara tatu. Kisha akapaza sauti ya darasani: "Mama Mwenda! Uko hai?"

"Inategemea nani anauliza."

"Leta ile ndoo."

Tuliyarudia yote tisa kwa siku nne. Kwenye hizo hasi nilimuuliza maswali hadi akanirushia kalamu, na kalamu ile ikaachwa ndani ya somo. Aliapa hatakata kitu tena.

Silas aliporudi kuchukua masomo mapya, sauti yangu ndiyo iliyomlaki.

"Haya hayaingii kwenye tableti," akasema.

"Basi tableti zirudi kwenu," Kasyoka akajibu.

"Mwalimu! Utawanyima watoto vifaa kwa sababu ya mama wa hoteli?"

"Kifaa changu ni huyu hapa."

"Niite kifaa tena uone," nikamwambia.

Silas akanigeukia, kwa upole ule wa watu wa semina. "Mama, si kwamba tunakudharau. Lakini huna cheti chochote cha kufundisha."

"Mimi sifundishi, kaka yangu. Mimi sielewi. Cheti cha kutoelewa kinatolewa ofisi gani, niende nikachukue?"

Hakumaliza chai. Wiki mbili baadaye gari la shirika lilikwenda Liboi likazikusanya tableti zote kumi na sita. Issack, dereva wa lori la bidhaa, alipishana nalo njiani likirudi. Sitadanganya, siku hiyo tuliacha chai ipoe, kila mmoja na kikombe chake. Watoto arobaini na mmoja walibaki na simu tatu, mojawapo imepasuka kioo. Nilimwambia Kasyoka kama anataka kunitoa sasa ndiyo saa yake, sitamlaumu. Akaniambia nisimletee ujinga nje ya saa za kazi.

Masomo tuliyatia kwenye flashi, flashi tukaitia kwenye kisanduku cha kiberiti, Issack akaibeba mfukoni. Abdinur akaichomeka kwenye televisheni ya duka lake. Kila alasiri saa kumi alizima mpira wa Ulaya akaweka hesabu. Wanaume waliokuwa wakinywa chai pale walipiga kelele wiki ya kwanza. Wiki ya pili Deeqa akatuambia wanabaki, na wanabishana kuhusu majibu, na kuna mzee mmoja ambaye kila nikisema "ngoja hapo" naye anainua fimbo kuniunga mkono.

Mtihani umefanywa. Wote arobaini na mmoja waliingia. Deeqa anasema hakuna aliyeacha karatasi ya hesabu nyeupe.

Matokeo hayajatoka ninapoandika haya, na nimeandika sasa makusudi. Yakiwa mazuri, Silas atasema ni zile wiki chache za tableti. Yakiwa mabaya, atasema ni mimi. Sitaki mtu aje kusema nilingoja nione upande gani umeshinda ndipo nikachagua. Upande wangu niliuchagua pale kwenye ndoo. Tayari watu wameanza kutupigia kutoka Hadado na Kutulo, mbali huko kaskazini, wanasema somo la thamosi limewafikia, simu kwa simu, hawajui nani alilituma. Silas naye amepiga, kuuliza ni kwa ruhusa ya nani masomo haya yanazunguka wilaya zote. Nilipokea mimi. Nilimwambia sauti ni yangu, nimeiruhusu.

Kasyoka sasa yuko stoo, ameshaifunga simu kwenye mti wa ufagio. Ni zamu ya gredi ya nane, na hasira yake haijapungua hata robo.

"Mama Mwenda," anaita, "acha kuandika. Njoo usielewe."