Ng'ombe wa Dada Yangu

Ubaya wa treni ya kwenda bara na pwani ni kwamba mnakaa mkitazamana siku nzima. Mimi nilitazamana na dada yangu kutoka Malampaka mpaka Morogoro, nikimrudisha kwa mume aliyemvunja mkono.

Alikuwa amekimbilia kwetu Nkololo, mkono ameufunga kwa kanga. Baba hakumuuliza hata kama unauma. Alisema ng'ombe wa mahari yake hawawezi kurudishwa, kwa sababu walishatolewa mahari ya mke wangu mimi. Ilikuwa kweli. Zizi la wakwe zangu limejaa ng'ombe wa dada, na mke wangu yuko nyumbani, ana mimba, anacheka. Basi nikaambiwa nimsindikize, nikakubali haraka mno.

Njiani nikajifanya mchungaji. Nilimwambia avumilie, eti wanaume hubadilika, eti asimjibu akiwa amelewa. Upuuzi mtupu, na nilijua. Yeye alitazama tu mashamba ya pamba yakiisha na mapori yakianza.

Tabora alinunua mayai mawili ya kuchemsha dirishani. Akayamenya kwa mkono mmoja, akiyabana kwa magoti, kisha akanipa yote pamoja na chumvi.

"Wifi hajambo?" akauliza.

"Hajambo."

"Usije ukampiga, kaka. Yule nimemlipia mimi."

Nikamwahidi, mdomo umejaa mayai yake.