Risasi Iliyokataa Kuingia

Nakumbuka asubuhi moja ya jua kali Kisarawe, nikiwa binti wa miaka ishirini, nimelala kifudifudi kwenye mchanga wa uwanja wa shabaha, bunduki begani. Ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo ya mgambo. Kila mmoja alipewa risasi tano. Ukigonga tatu unapata cheti, na bila cheti, mwanangu, kazi ya ulinzi ungeisikia kwa wenzako. Mimi kazi ile niliitaka kuliko chakula.

Haya nimeyakumbuka kwa sababu ya mmoja wenu ninyi walinzi vijana, binti anayelinda kiwanda kule Zegereni. Juzi alikuja kwangu hapa Mbwawa, akanionyesha kwenye simu picha ya bunduki yenye kitufe ubavuni. Bolti, yaani kile chuma kinachoifungia risasi ndani, isipofika mwisho, unabonyeza kitufe nacho kinaisukuma mbele. "Bibi, hiki ni cha lazima au ni mbwembwe tu?" Nilicheka, maana yetu haikuwa nacho, sisi tuliusukuma mkono wa kukokia kwa kiganja. Lakini swali lilinikaa kichwani siku mbili nzima.

Basi, wanasema akili ni nywele, na zangu siku ile zilikuwa na mafuta ya nazi. Kichupa kilikuwa mfukoni. Nikaona busara kuzipaka risasi zangu ili ziteleze, nikazilaza mchangani wakati naandaa magazini, kile kisanduku cha kupakilia risasi. Nani alinifundisha? Hakuna. Nilijishauri mwenyewe na kujikubalia mwenyewe, na mchanga wote ukazigandia.

Mbili za kwanza zilitoka, zikagonga. Ya tatu, bolti ikaishia njiani. Nikasukuma, ikagoma. Nikapiga kwa kiganja, nikapiga tena, kisha nikavua kiatu nipige kwa kisigino chake. Hapo mkono wangu ukadakwa. Alikuwa Mzee Mwinyikondo, mtunza silaha wetu, Mzaramo aliyewinda kwenye vilima vya huko tangu ujana wake.

"Binti, imekataa. Umejua inakataa nini?"

"Sijui, mzee. Nataka iingie tu."

"Na ikiingia kwa kipigo ikanasa, utaitoaje?"

Mtutu aliuacha ukielekea shabaha, akachomoa magazini, akaivuta bolti kwa taabu mpaka risasi ikatoka. Akaitazama, akainusa. Mkufunzi akafika, akasema bunduki hiyo mbovu, nipewe nyingine na risasi mpya nimalizie. Mzee akaifumbata risasi ile kiganjani. Nikapiga hesabu: nikinyamaza, cheti ni changu. Lakini bunduki nzima ingeandikwa mbovu, na aliyeitunza ndiye angeulizwa.

"Ni mimi, afande," nikasema. "Nimezipaka mafuta ya nazi."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Mmoja akauliza kama nilikuwa napika wali. Cheti sikupata, na nililia mpaka nyumbani. Ila asiyekubali kushindwa si mshindani. Nilirudi mafunzo yaliyofuata, nikagonga nne.

Safari hiyo nilimuuliza mzee: je, kusukuma ni kosa siku zote? Akasema hapana. Ukivizia nguruwe pori, unaifunga bolti taratibu isilie, na kwa ulaini huo mara nyingine haifiki mwisho. Hapo isukume, hujakosea. Lakini iliyokwama yenyewe ina sababu. Itoe, uitazame, na mtutu uukague, maana risasi iliyobaki humo, ukifyatua nyingine, inaweza kuupasua usoni pako.

Kwa hiyo, mwanangu, jibu langu ni hili: kitufe kina manufaa, lakini kwangu si cha lazima. Wapo watakaonibishia, na pengine wamepita vitani nisikofika. Waje waniambie, bado napenda kujua. Ila mengi yatakukatalia, si bunduki tu: kufuli, mashine, hata mtoto wako. Usianze na nguvu. Rudi nyuma, utazame, kwani kuuliza si ujinga. Na ukikuta kosa ni lako, litaje hata kama unachokitaka kitakuponyoka. Mimi kazi ya ulinzi niliifanya mpaka nikazeeka, na aliyenidhamini kuipata ni Mzee Mwinyikondo. Alipoulizwa ananijuaje, alisema tu, "Huyu nilimwona akikosea."

Mungu akulinde, mwanangu, na akupe wa kukuona hivyo.