Maneno ya Baba Noela

Misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu Noela afariki ilikuwa imekwisha, na majirani wa Ushirombo wamekwishakula na kutawanyika, ndipo Loveness alipotoa karatasi nne zilizobanwa pini akamwekea Donatus, baba wa marehemu, mapajani.

"Baba, hiki ndicho kile kijarida alichokianza Noela," alisema. "Kila mwezi tutawatumia mabinti waliomaliza kidato cha nne. Namna ya kutafuta kazi, namna ya kusimama kwenye usaili bila kujidharau. Kimebaki jina tu."

Loveness aliendesha malori ya mgodini huko Geita, kazi ileile aliyoifanya Noela kwa miaka miwili kabla homa ya siku nne haijamchukua.

"Jina linawashindaje ninyi mnaoendesha gari kubwa kama nyumba?" aliuliza Mama Noela, akikusanya sahani.

"Mama, tumegombana wiki tatu. Adam wa karakana kaleta 'Dada Usukani'. Tukamwambia aanzishe lake, aliite 'Kaka Spana'."

Mama Noela alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Donatus naye alikuwa anatabasamu, mpaka alipotazama ukurasa wa kwanza. Juu kabisa paliandikwa kwa kalamu: *Nenda, Unaweza*. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Maneno ya Baba Noela*.

"Alitusimulia siku aliyoondoka hapa," Loveness alisema. "Ulivyomchora msalaba kwenye paji la uso ukamwambia, 'Nenda, unaweza.' Kila akiogopa ule mteremko wa shimoni alijigusa hapa, akayasema. Na sisi tukayazoea. Tunaomba ruhusa yako tu."

Mama Noela hakumtazama mumewe, alitazama sakafu.

Donatus alikuwa katekista kwa miaka kumi na tisa. Hakuna mtoto aliyetoka nyumba ile bila kuchorwa msalaba, hata wa kwenda Kahama na kurudi. Siku ya Noela kuondoka, alikaa kwenye kiti hikihiki, mikono mifukoni. Binti aliinamisha kichwa mbele yake, akangoja. Donatus akamwambia, "Kazi ya mgodi si ya msichana. Ukishindwa, usije ukasema sikukwambia." Noela akangoja kidogo tena. Kisha akanyanyua begi, akasema, "Haya baba, ubaki salama."

Sasa neno moja tu lingetosha. Aseme tu 'sawa'. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa huyu mwenye sahani, na Mungu. Tena akikana, atamfanya marehemu mwongo mbele ya rafiki zake.

"Sikuyasema," alisema.

"Baba?"

"Maneno hayo sikuyasema. Na msalaba sikumchora. Aliinama, nikamnyima."

Loveness alimkazia macho. "Lakini alituambia hata kidole chako kilikuwa cha baridi, kwamba ulikuwa umetoka kunawa."

"Alinisitiri, mwanangu."

Nje mtu alikuwa akiburuta mabenchi ya kuazima kuyarudisha parokiani.

"Kwa hiyo alikuwa anajiambia mwenyewe," Loveness alisema polepole. "Miaka yote miwili." Akachukua kalamu, akaufuta ule mstari wa chini. "Jina tunaliacha. Tuandike maneno ya nani?"

"Ya Noela. Mimi msinitaje popote."

Alipoaga ili awahi gari la Geita, Loveness alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuinamisha kichwa. Wala hakuondoka. Donatus alimwona, na mikono yake ikawa mizito kama ile siku.

"Baba Noela," mkewe alisema nyuma yake. "Usimnyime na huyu."

Alisogea, akamchora msalaba kwenye paji la uso. Alifungua mdomo aseme yale maneno, akasikia aibu, kwa kuwa hayakuwa yake. Akabaki ameweka kidole pale mpaka binti wa watu alipomshika mkono na kuushusha taratibu.