Mama Bhoke, Leaves

Juzi sokoni Tarime niliona kibao kimesimikwa juu ya mafungu ya mnavu na mgagani: Leaves. Nikakumbuka siku moja kwetu Turwa, nilipokuwa bado mtoto wa shule.

Mnunuzi wa mboga kutoka Sirari, mwanamke mmoja aliyechomeka Kiingereza katika kila sentensi, alikuwa ametuachia karatasi ya mzigo anaoutaka kutoka kwa kila muuzaji. Mama hakujua kusoma. Mimi niliusoma mstari wetu: "Mama Bhoke, leaves." Na wiki hiyo hiyo mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba she leaves maana yake anaondoka.

Nikaificha karatasi ndani ya sketi. Mchana kutwa nilimfuata Mama shambani akichuma, harufu ya mnavu mbichi imetujaa mikononi, nami nikishtuka kila bodaboda ilipopita barabarani.

"We Bhoke, mbona unanikanyaga visigino?"

Nikaangua kilio. "Mama, usiondoke!"

Kisu kilimdondoka. Hakucheka. Alitazama kwanza nyumbani, alikokuwa Baba, kisha akanong'ona, "Nani amekuambia?"

Nikampa karatasi. Aliigeuzageuza bila kuelewa kitu.

"Siendi popote," akasema mwishowe.

Leo najua karatasi ile ilitaka mboga za majani tu. Lakini jioni hiyo nilimwona Mama akivuta mfuko uliojaa kutoka chini ya kitanda, akatoa nguo zake moja moja, akazirudisha kwenye kamba ya chumbani.