Nililipa, na Kiatu Hakikupona

Binti yangu wa pili alipooza mguu wa kushoto akiwa na miaka mitatu, mwaka ule ugonjwa ulipopita katika mashamba ya Ndabibi ukaacha watoto kadhaa wakitambaa. Hospitali kubwa ya Nairobi ilimpa kiatu chenye vyuma viwili vilivyopanda mpaka juu ya goti na kufungwa kwa mikanda ya ngozi. Alitembea nacho. Alitembea vibaya, akiurusha mguu kama anayefukuza kuku, lakini alikwenda mwenyewe hadi mferejini na kurudi.

Alipofika miaka sita, chuma kimoja kilikatika chini ya goti. Nairobi, siku zile za Hali ya Hatari, haikuendeka bila kibali, na mzungu mwenye shamba alimwambia mume wangu, mkamuaji wake, angoje. Tulingoja miezi miwili. Mtoto akarudia kutambaa, magoti yakachubuka. Nikasikia kwamba Nakuru, nyuma ya soko, kuna fundi chuma aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli. Kwenda Nakuru barua ya mnyapara ilitosha. Nikambeba binti mgongoni, tukapanda treni Naivasha.

Fundi alikuwa mtu mzima mwenye maneno machache. Alikigeuza kiatu mikononi kwa muda mrefu, kisha akaniambia wazi kwamba chuma cha namna ile hajakizoea, ila atajaribu. Sikumwuliza bei. Kichwani mwangu, kujaribu na kutengeneza vilikuwa kitu kimoja.

Akavuta mvukuto, akaunga, akapoza kwenye maji. Binti akavaa, akapiga hatua nne, chuma kikaachana. Akaunga tena, safari hii akitia kipande cha fremu ya baiskeli. Kikashika, lakini kilikuwa kimepinda, na mtoto akalia kwamba kinamuuma. Fundi alipokigonga ili kukinyoosha, kikapasuka mahali pengine. Akakirudisha motoni mara ya tatu, na kilipotoka kilikuwa kimelika na kuwa chembamba, hakingebeba hata paka.

"Nimeshindwa, mama," alisema.

Akafuta mikono, akaniomba shilingi tatu.

Nilimwambia nimeleta kiatu kilichovunjika mahali pamoja, naye ananirudishia kilichoharibika chote, nilipie nini? Alisema makaa yake yamekwisha, na mchana wake pia umekwisha. Hapo nikamtolea neno nililodhani litammaliza.

"Mimi huzalisha wanawake kule kambini, kwa wafanyakazi wa shamba. Mtoto akifa, sichukui hata yai."

Hakukasirika. "Na siku hiyo watoto wako hula nini, mama?"

Siku kama hizo tulikula mshahara wa mume wangu, na fundi hakuwa na mtu wa kumkamulia ng'ombe. Tena angeweza kunidanganya tangu asubuhi, akajisifu kwamba kazi ni rahisi, na hakufanya hivyo. Nikafungua kitambaa, nikampa. Zilikuwa pesa za lori la kututoa Naivasha hadi nyumbani, pamoja na za unga.

Tuliposhuka Naivasha tulilala kwa mama mmoja wa kanisa letu, kulipokucha tukaondoka kwa miguu, yaani kwa miguu yangu. Mara mbili nilimweka chini kando ya barabara nipumzike. Mara zote mbili aliniomba msamaha kwa kuwa mzito.

Mume wangu alisema nimelipa ujinga. Fundi hulipwa kwa kilichopona. Nikamwuliza kama mzungu humkata yeye mshahara ng'ombe akifa mikononi mwake. Akasema ndiyo, humkata. Tuligombana juu ya fundi yule wiki nzima, kwa sababu juu ya mguu hapakuwa na la kugombania. Hata leo, nikiulizwa nani alikuwa na haki, nabadilika kila siku.

Mke wa mzungu aliandika barua hospitalini. Jibu likaja kwamba mtoto amekua, vyuma vya zamani visingemfaa hata vingeungwa. Aletwe apimwe, angoje zamu. Kibali kilipopatikana, mwaka ulikuwa umepita na goti lilikuwa limekauka likiwa limekunjwa. Daktari alilishika, akajaribu kulinyoosha, akaliacha. Alisema vyuma haviwezi kusaidia tena.

Shule ilikuwa mbali, ng'ambo ya kilima. Wadogo zake walimpita mmoja baada ya mwingine, wakiondoka asubuhi na vibao vyao vya kuandikia, naye akabaki kizingitini akipukuchua mahindi. Mwanzoni aliniuliza ni lini tutarudi Nakuru kwa fundi. Nilimwambia karibuni, halafu nikawa simjibu, halafu yeye akaacha kuuliza. Watu wa kambini walipoanza kumwita "yule wa mlangoni", sikuwakataza.